Usukani wa Kushoto: Gari la Kimarekani Ukanda wa Rusizi na Suala la Uhalisi

Sekta ya Nzahaha iko katika wilaya ya Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, katika eneo ambalo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 lilijulikana kama Cyangugu. Hakuna anayeitaja Nzahaha anapozungumzia historia ya magari. Wanaoandika juu ya magari ya kale ya Kimarekani, yale ya injini kubwa za V8 yaliyotamba miaka ya 1960, huanzia Detroit na kuishia kwenye kumbi za mnada za Florida na Arizona. Lakini lipo swali moja linalowagombanisha wapenzi wa magari hayo kila mahali: gari lililofufuliwa huitwa halisi kwa kigezo kipi? Kwa swali hilo, ukanda huu wa mpakani, kati ya Ziwa Kivu na uwanda wa Bugarama, una mengi zaidi ya kufundisha kuliko mnada wowote. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba uhalisi wa gari lililoishi katika nchi zetu ni kumbukumbu ya maisha yake yote, na kwamba kiwanda ni ukurasa wa kwanza tu wa kumbukumbu hiyo. Mtu anayelirudisha gari la namna hiyo katika hali ya siku lilipotoka kiwandani, kisha akajisifu kuwa ameokoa historia, mara nyingi ameifuta.

Tuwatendee haki Wamarekani kwanza, maana kanuni za mchezo huu ni zao na hazikutungwa kwa upuuzi. Kwa mwaka wa modeli wa 1964 kampuni ya Pontiac, iliyokuwa chini ya General Motors, ilichukua gari la familia la ukubwa wa kati liitwalo Tempest, ikalitia injini ya inchi za ujazo 389, takriban lita 6.4, iliyokusudiwa magari makubwa zaidi, ikaliita GTO. Kanuni ya ndani ya General Motors ilikataza injini ya ukubwa huo katika gari la kiwango kile. John DeLorean, mhandisi wa Pontiac, na wenzake wakaikwepa kwa kuiuza injini hiyo kama nyongeza ambayo mteja anaichagua mwenyewe, badala ya kutangaza gari jipya. Ujanja huo wa ofisini ndio uliozaa nusu ya ugomvi wa leo. Kwa kuwa GTO ya 1964 na ya 1965 ilikuwa nyongeza tu, nambari ya gari haisemi kama lilizaliwa hivyo, au kama ni LeMans, toleo la kawaida la Tempest, iliyobandikwa nembo na fundi mjanja miaka 20 baadaye. Sura ya gari haitoshi kuthibitisha lolote. Ndipo karatasi zikapanda thamani: orodha ya vifaa iliyotumiwa na wafanyakazi wa kiwandani na kusahauliwa chini ya springi za kiti, bango la bei la dirishani lililolazimishwa na sheria ya mwaka 1958, kibati cha chuma cha dhamana walichopewa wateja wa General Motors kuanzia 1965, na kumbukumbu za uzalishaji za Pontiac na Ford zilizohifadhiwa hadi leo, ambazo mwenye gari anaweza kulipia nakala yake. Pamoja na hizo, hutazamwa kama tarakimu zilizogongwa kwenye bloku ya injini zinalingana na zile za bodi. Gari lenye yote hayo huuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya pacha wake asiye na kitu. Na kwa kuwa enzi yenyewe ilikuwa fupi, ikabanwa na sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, gharama za bima, na mgogoro wa mafuta wa 1973, idadi ya magari haiongezeki. Kinachoongezeka ni walaghai.

Hata hivyo soko lenyewe la Marekani limekwisha kuvunja kanuni yake, na limeivunja kwa kishindo. Januari 2020, mjini Kissimmee, Florida, Ford Mustang GT ya mwaka 1968, ile ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt, iliuzwa kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Haikuwa imefufuliwa. Rangi ilikuwa imechakaa na bodi imeumia, na mabadiliko yaliyofanywa kwa ajili ya upigaji wa filamu yalikuwa bado yanaonekana chini yake. Familia iliyoiuza iliinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000 na kuitumia kama gari la kawaida la nyumbani. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akiomba wamuuzie, wakakataa. Kiwandani gari hilo halikuwa na tofauti yoyote na maelfu ya Mustang za mwaka ule. Fedha zile zote zililipia mambo yaliyolipata baada ya kutoka kiwandani: kugongwa, kuchomelewa, kuchakaa, na kutunziwa barua. Laiti mtu angelipiga rangi mpya na kuziba alama zile, lingekuwa zuri zaidi machoni, na angekuwa ameharibu ushahidi ambao mnunuzi aliulipia. Kama hilo ni kweli kwa gari la mwigizaji wa sinema, sioni kwa nini liwe uongo kwa gari la mfanyabiashara wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo.

Sasa tuangalie jinsi gari la Kimarekani lilivyofika upande wetu. Ufunguo wa habari hii ni usukani. Wabelgiji waliitwaa Ruanda-Urundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakaitawala kwa idhini ya Shirika la Mataifa, na kuanzia 1925 wakaiunganisha kiutawala na Kongo yao. Walikuja na desturi ya kwao ya kuendesha upande wa kulia wa barabara. Tanganyika, Uganda na Kenya, chini ya Mwingereza, zilishika kushoto. Mstari huo wa kikoloni haujafutika: dereva anayetoka Uganda kwa kupitia Gatuna, au Tanzania kwa kupitia Rusumo, hubadili upande akiingia Rwanda hadi leo, na mwaka 2005 serikali ya Rwanda ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye usukani wa kulia. Detroit iliunda magari ya usukani wa kushoto. Mteja wa Nairobi aliyetaka Ford au Chevrolet ya Kimarekani alipaswa kutafuta lililoundwa kwa ajili ya nchi za Jumuiya ya Madola, mara nyingi kutoka viwanda vya Kanada, ama aridhike na Ford ya Kiingereza. Mteja wa Costermansville, mji ulioitwa Bukavu kuanzia miaka ya 1950, au wa Usumbura, Bujumbura ya leo, hakuwa na shida hiyo. Gari lilimfaa jinsi lilivyo.

Tena halikuwa lazima litoke Marekani. Ford ilianza kuunganisha magari Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1922. General Motors ilifuata, na Chevrolet ya kwanza ikatoka kiwandani kwao mjini humo mwaka 1925. Antwerp ndiyo bandari iliyokuwa ikituma meli za Kongo kwenda Matadi. Mzigo wa Ruanda-Urundi na Kivu ulikuwa na njia nyingine pia, ambayo wasomaji wa Tanzania wanaijua: kwa makubaliano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, maarufu kwa jina la Belbase. Mzigo ulishuka Dar es Salaam, ukapanda treni ya reli ya kati hadi Kigoma, ukavushwa ziwani hadi Usumbura, kisha ukafuata uwanda wa Rusizi kuelekea kaskazini na kupanda vilima kwenda Cyangugu na Bukavu. Kupanda huko ndiko kunakoziingiza Nzahaha, Bugarama na majirani zao katika historia hii. Hapakuwa na duka la magari hapo, ila palikuwa na njia, na kila kilichopita njia hiyo kilihitaji breki, springi na mtu wa kuvitengeneza.

Hapa kigezo cha karatasi za Kimarekani kinaanza kuyumba. Kiwanda cha General Motors cha Antwerp kiliunganisha, miongoni mwa mengine, Chevrolet Camaro za kizazi cha kwanza, zile za mwishoni mwa miaka ya 1960, kutokana na vipande vilivyosafirishwa kwenye makasha kutoka Marekani. Camaro ya Antwerp ni Camaro kamili, na bado mkaguzi aliyezoea magari ya Ohio au California angeiwekea alama nyekundu kila mahali, kwa kuwa vifaa vyake vilibadilishwa kufuata sheria na mahitaji ya Ulaya na kumbukumbu zake hazifuati mtindo anaoufahamu. Ujerumani palikuwa na kituko kingine: Mustang iliuzwa huko kwa jina la T-5, kwa sababu jina la Mustang lilikuwa mali ya kampuni ya Krupp. Mtu akikuta T-5 isiyo na nembo ya Mustang, akaenda kununua nembo ili airudishie uhalisi wake, amefanya nini? Ameharibu gari lililokuwa sahihi. Kiwanda chenyewe, basi, hakikuwa kimoja, na hali ya siku ya kwanza haikuwa moja. Likitokea leo gari la Antwerp kwenye gereji yoyote kati ya Kamembe, mji wa Rusizi, na Bugarama, kulipima kwa mizani ya Detroit ni kulionea.

Ushahidi mwingine uko mashariki, na ni wa magari yaliyojulikana na kila mtu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Pasaka ya 1964, mwishoni mwa Machi, majuma machache tu kabla ya Mustang kuzinduliwa New York tarehe 17 Aprili, kitengo cha Mercury cha kampuni ya Ford kilileta Nairobi kundi la magari ya Comet Caliente yenye injini za V8 za inchi za ujazo 289, lita 4.7, yaliyoandaliwa na Bill Stroppe wa California. Comet hizo hazikuwa magari ya kubahatisha. Miezi michache kabla yake, Comet nyingine zilikimbizwa kwenye kiwanja cha Daytona maili 100,000 kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Afrika Mashariki haikuwa Daytona. Kati ya magari 94 yaliyoanza Safari mwaka huo, 21 yalimaliza, na kati ya Comet zote, mbili tu ndizo zilizofika, tena nyuma kabisa ya msafara. Mshindi alikuwa Peter Hughes, mkazi wa Afrika Mashariki, akiwa na Billy Young katika Ford Cortina GT ya Kiingereza yenye injini ya lita 1.5. Ford ilishinda kwa mkono mmoja na kushindwa kwa mwingine, na idara ya matangazo bila shaka ilijua mkono upi wa kuupiga picha.

Chukulia sasa kwamba mmiliki mmoja ana Comet mojawapo kati ya hizo na anataka kuifufua. Afuate kipi? Akifuata karatasi ya kiwandani, ataondoa kila kitu alichokiweka Stroppe, maana hakikutoka kiwandani. Akifuata hali ya asubuhi ya kuondoka Nairobi, ataondoa kila kiraka kilichowekwa njiani, na viraka hivyo ndivyo vinavyoeleza kwa nini gari moja lilifika na jingine likabaki. Mwaka uliofuata unalitatua fumbo hili vizuri zaidi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi kwa kazi, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 waliyoinunua ikiwa imetumika, gari lililokuwa la timu ya kiwanda cha Volvo katika Safari ya 1964. Mikononi mwa kiwanda halikushinda. Ndugu hao wakaliandaa upya wenyewe, wakapangiwa nambari 1 ya kuanzia, wakawaacha waliofuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Sasa nani anasema kwamba Volvo ile ilikuwa halisi zaidi siku ilipotoka Sweden kuliko siku ilipoingia Nairobi ikiwa ya kwanza? Kila boliti iliyobadilishwa kati ya Pasaka hizo mbili ni historia ya Kenya. Kuirudisha kwenye hali ya kiwandani kungekuwa ni kuirudisha kwenye hali iliyoshindwa.

Desturi hiyo haijafa. Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani, na mwaka 2009 Ian Duncan wa Kenya, akiwa na msoma ramani Amaar Slatch, aliyashinda kwa Ford Mustang. Gari la Kimarekani la V8, ambalo babu zake wa mwaka 1964 walizama matopeni, likawa bingwa kwenye barabara zilezile za vumbi. Mustang ya namna hiyo huimarishwa bodi, huinuliwa na kubadilishwa springi, na haingepata hata nafasi ya kuegeshwa kwenye mashindano ya magari yasiyoguswa. Lakini miaka 50 ijayo, mtu akitaka kujua gari la Kimarekani lilifanywa nini na mafundi wa Kenya hadi likaweza Safari, ataliuliza gari lile lililoguswa, wala hatamuuliza pacha wake aliyefunikwa turubai huko Michigan.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni zito. Litasema: ukiruhusu kila badiliko liitwe historia, umewafungulia mlango matapeli. Leo LeMans itavishwa nembo ya GTO, na kesho muuzaji atasema hiyo nayo ni sehemu ya maisha yake. Nakubali hatari hiyo, na ndiyo maana sikusema karatasi zitupwe. Nimesema ziongezwe. Tofauti kati ya badiliko la kihistoria na ulaghai ni tarehe, jina na sababu. Injini iliyobadilishwa Bukavu kwa sababu ile ya kwanza ilipasuka na spea haikupatikana, badiliko likaandikwa kwenye hati za gari, ni tukio linaloweza kuthibitishwa. Nembo iliyobandikwa juzi ili kupandisha bei, bila kuandikwa popote, ni uongo. Mizani ninayoipendekeza inadai ushahidi mwingi kuliko ile ya Kimarekani, kwa sababu haimruhusu mmiliki kuruka miaka 50 kwa kusema tu kwamba namba zinalingana. Namba zinazolingana hazisemi gari lilikuwa wapi.

Na katika ukanda wa Rusizi, swali la gari lilikuwa wapi si la mashabiki peke yao. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji wa Bukavu kwa miezi kadhaa, hadi Novemba waliposhindwa na kuvuka mto Rusizi kuingia Rwanda, wakanyang'anywa silaha. Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, alitangaza kutaifishwa kwa biashara za wageni, na mali nyingi zikapata wenyewe wapya. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mali iliporwa pamoja na roho za watu, na magari ya serikali na ya watu binafsi yalivushwa kwenda Zaire pamoja na waliokimbia. Kwa hiyo gari la miaka ya 1960 lililopo leo upande wowote wa mto huo, lenye hati safi zinazoanzia 1996, lina pengo ambalo rangi mpya haiwezi kulijaza. Yupo aliyelilipia, na huenda yupo aliyenyang'anywa. Mfufuaji anayekwangua rangi zote za zamani hadi chuma kibaki uchi, akatupa vibati na kugonga upya nambari zilizoliwa na kutu, anaharibu kitu ambacho siku moja kinaweza kuwa ushahidi wa haki ya mtu. Hapo ndipo ninapoiona tofauti kubwa kati ya Kissimmee na Kamembe: kule gari lisilo na hati hupoteza fedha, huku linaweza kuficha dhuluma.

Pingamizi la pili litauliza: hati zenyewe ziko wapi? Ofisi zimechomwa, tawala zimebadilika, kumbukumbu za Wabelgiji ziko Brussels. Ni kweli, lakini gari halisemi kwa karatasi tu. Usukani unaeleza lilikusudiwa barabara za nani, na kama uligeuzwa, matundu ya zamani kwenye ukuta wa injini yanabaki hata yakizibwa. Kipimo cha mwendo cha kilomita badala ya maili kinaonyesha soko la Ulaya au la koloni zake. Tabaka za rangi husomeka moja baada ya nyingine mtu akisugua kwa utulivu pembeni mwa mlango. Mshono wa gesi haufanani na wa umeme, na risasi iliyotumika kunyooshea bodi ni ya zama tofauti na putty ya kisasa. Halafu zipo hati za kawaida ambazo watu huzidharau: kadi ya njano ya Rwanda, kadi ya waridi ya Kongo, logbuku ya Kenya, stakabadhi za forodha, vipande vya bima, picha za harusi ambamo gari limesimama nyuma ya bibi na bwana. Mafundi wazee nao ni hazina, ilimradi maneno yao yaandikwe na kulinganishwa na chuma chenyewe badala ya kupokewa kama hadithi za jioni.

Wengine watasema kwamba mawazo haya ni ya kujitungia, dunia ya magari ya kale haiyatambui. Yanatambuliwa. Mkataba wa Turin, ulioidhinishwa na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, mwaka 2012, unatanguliza uhifadhi kuliko ufufuaji, na unayahesabu mabadiliko yaliyofanywa wakati wa maisha ya gari kuwa sehemu ya historia yake. Kabla yake, Novemba 1994, wataalamu wa urithi walikutana Nara, Japani, wakakubaliana kwamba uhalisi hauwezi kupimwa kwa kigezo kimoja kwa tamaduni zote. Rwanda yenyewe inalifahamu jambo hilo kwa vitendo. Huko Nyanza, makumbusho ya kifalme ya Rukari yana nyumba ya nyasi iliyojengwa upya kwa kufuata makao ya jadi ya mfalme, kando ya jumba la kisasa alilojengewa Mutara III Rudahigwa miaka ya 1930. Nyasi hubadilishwa zinapooza. Hakuna mgeni anayelalamika kwamba nyasi si za karne ya 19, kwa sababu kinacholindwa ni maarifa ya wajenzi pamoja na mpangilio wao. Lakini wasimamizi hawafichi kwamba ni nyumba iliyojengwa upya. Uaminifu huo ndio unaoitofautisha na bandia, na ndio ninaoutaka kwenye gari.

Limebaki pingamizi la mwenye njaa, na sitalipuuza. Watu wa Nzahaha wanaishi kwa kilimo na biashara ndogo za mpakani; kuwahubiria juu ya Camaro kunaweza kuonekana dhihaka. Jibu langu halihusu Camaro bali mafundi. Historia ya ufundi wa gereji katika nchi zetu haijaandikwa. Vitabu vimewataja wakoloni walioleta magari, vikawasahau waliohakikisha yanatembea bila spea, kwa kuchonga bushi upya na kuchomelea chesisi zilizokatika. Kazi yao haikutiwa saini popote isipokuwa kwenye magari yenyewe. Kila linapofufuliwa gari kwa mtindo wa kiwandani, saini hizo hukwanguliwa na kuitwa uchafu. Tena magari haya hayatapata mbadala. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, na Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Yaliyopo ndiyo hayo, na bei ya chuma chakavu haiwabembelezi wenyewe kuyatunza.

Basi mwenye gari la namna hiyo, awe Rusizi, Bukavu, Bujumbura au Mombasa, naomba afanye kazi kabla ya kumwita mpiga rangi. Apige picha kila sehemu ikiwa katika hali yake ya sasa, pamoja na viraka na kutu. Aandike majina ya waliolimiliki na ya mafundi waliolitengeneza, akiwataja waliokufa pia, na aweke tarehe hata kama ni ya mwaka tu. Nambari zilizofifia azinakili kama zilivyo, asizigonge upya. Injini iliyotolewa asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aifunge, aiandike, aiweke. Kikiachwa kipande cha rangi ya zamani ndani ya mlango kisichoguswa, mkaguzi wa baadaye atashukuru. Na makumbusho za Rwanda, Kongo, Kenya na Tanzania, ambazo hupokea magari ya wakuu wa nchi bila kusitasita, zianze kupokea na daftari za gereji.